Karne moja ya madaktari wa Makerere: elimu walipewa, heshima wakaidai wenyewe

Mwaka 2024 shule ya udaktari ya Makerere, pale Mulago, Kampala, ilitimiza miaka 100. Mwaka huohuo madaktari wa hospitali za umma nchini Kenya waligoma siku 56, kuanzia Machi 14 hadi Mei 8, na moyo wa ugomvi ulikuwa malipo ya wanagenzi: vijana waliokwisha kuhitimu chuo lakini wangali kwenye mwaka wa mazoezi wodini kabla ya kusajiliwa. Aliyesoma kitabu cha mwanahistoria John Iliffe juu ya madaktari wa Afrika Mashariki, kilichotoka mwaka 1998, hashangazwi na mambo haya mawili kukutana.

Habari inaanzia vitani. Waingereza walipokuwa wakipigana na Wajerumani Tanganyika, wapagazi walikufa kwa maelfu, wengi wao kwa maradhi na si kwa risasi. Mwaka 1917 likaundwa Uganda jeshi la matabibu wa Kiafrika, vijana wa shule za misheni, na kazi yao ikawaaibisha waliodai kwamba Mwafrika hawezi kukabidhiwa mgonjwa. Makerere ilifunguliwa mwaka 1922 kwa wanafunzi 14 wa useremala, ujenzi na ufundi mitambo. Masomo ya tiba yalifuata upesi, na Mulago, iliyoanzishwa mwaka 1913 kwa ajili ya magonjwa ya zinaa, ikawa hospitali ya kufundishia.

Wanafunzi wa tiba walisoma miaka mingi, wakatoka wakijua kupasua, kuzalisha na kutibu. Lakini kwenye vitabu vya serikali hawakuandikwa madaktari. Waliandikwa wasaidizi, na mshahara wao ulikuwa chini sana ya ule wa Mzungu waliyegawana naye wodi. Serikali iliyowasomesha ndiyo iliyowanyima cheo.

Watu wa namna hii hawakukosa la kusema. Mwaka 1950 chama cha Waafrika wa Tanganyika, TAA, mjini Dar es Salaam kilimchagua rais wake Dkt. Vedasto Kyaruzi, Mhaya wa Bukoba aliyesomea Makerere, na katibu wake akawa Abdulwahid Sykes. Chini ya vijana hao chama kilichokuwa kimepooza kikaamka, kikaanza kuisumbua serikali kuhusu katiba na ardhi. Serikali haikumfukuza daktari kazi, maana madaktari walikuwa wa kuhesabika. Ikamhamisha. Mohamed Said, mwandishi wa maisha ya Abdulwahid, anasimulia kwamba Kyaruzi alipelekwa kwanza hospitali ya gereza la Kingolwira, karibu na Morogoro. Hapo bado aliweza kuteremka Dar es Salaam kuonana na wenzake. Serikali ikang'amua, ikamsukuma hadi Nzega, mbali huko Jimbo la Magharibi, ambako kusafiri kwenda kwenye mkutano kulikuwa kazi ya siku. Uongozi wa chama ukabaki mikononi mwa Sykes, na mwaka 1953 ukamfikia mwalimu wa Pugu, Julius Nyerere. Uhuru ulipokuja, Kyaruzi aliiwakilisha Tanganyika Umoja wa Mataifa. Ni ajabu kwamba vitabu vya shule vinapohesabu waliopigania uhuru, huyu tabibu hatajwi sana.

Kuhusu vyeti, ugomvi ulimalizika taratibu. Baraza la madaktari la Uingereza liliitambua leseni ya Makerere mwaka 1957. Mwaka 1959 Josephine Namboze akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kuhitimu udaktari hapo. Tanganyika, ambayo Mwalimu Nyerere alipenda kukumbusha kwamba iliachiwa madaktari 12 tu, ilianzisha shule yake Dar es Salaam mwaka 1963, hii ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Muhimbili. Nairobi ikafuata mwaka 1967.

Ubingwa na uzamivu vilichelewa zaidi. Kwa muda mrefu aliyetaka shahada ya udaktari wa falsafa alipanda ndege kwenda Ulaya, na wapo ambao hawakurudi. Wasweden walikuja na mpango wenye busara: mwanafunzi wa Muhimbili au Makerere anafanya utafiti kwao, anakwenda chuo cha Karolinska, Sweden, kwa miezi michache, anarejea kwa wagonjwa wake. Chuo cha madaktari wa upasuaji cha COSECSA, kilichoanzishwa mwaka 1999, nacho humfunza bingwa ndani ya hospitali ya nchi yake. Tangu mwaka 2008 muungano wa CARTA, unaoongozwa kutoka Nairobi na Johannesburg, unawashika mkono wanafunzi wa uzamivu wa vyuo vya Afrika. Jambo la kukera ni kwamba sehemu kubwa ya fedha za mipango hii imetoka kwa wafadhili.

Wanagenzi nao hadi miaka ya karibuni wamelazimika kugombania malipo yao. Uganda waligoma mwaka 2021 wakidai posho. Kenya iliwaahidi zaidi ya shilingi 200,000 kwa mwezi katika makubaliano ya mwaka 2017, kisha ikataka kuwapa 70,000. Ilirudi kwenye ahadi yake Desemba 2024 baada ya mivutano ya mwaka mzima. Wizara za afya na za fedha zipange nafasi na malipo ya wanagenzi siku ileile vyuo vinapopokea wanafunzi wa mwaka wa kwanza, zisingoje hadi vijana wasimame langoni na vyeti vyao mkononi.