Marudio ya seva

Mtaje mtu wa Geita au Kahama neno "marudio" na hatafikiria kipindi cha televisheni. Kwake marudio ni mchanga unaobaki mwaloni baada ya mawe kusagwa kwenye karasha, kuoshwa, na dhahabu kukamatwa kwa zebaki. Aliyechimba anaona kazi imekwisha. Mwenye mtambo wa kuchenjua anaununua mchanga uleule, anauloweka kwenye sayanidi na kutoa dhahabu ambayo zebaki iliiacha. Nalitumia neno hili hapa kwa sababu sijapata jingine linaloeleza vizuri kinachotokea seva za mikutano ya video zinapostaafu.

Tuanzie Mwadui. John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada, alianza mgodi wa almasi pale mwaka 1940. Wengi wanaijua hadithi ya almasi ya waridi ya karati 54.5, iliyopatikana mwaka 1947 na kupewa Elizabeth wa Uingereza kabla hajawa malkia. Kwangu hesabu za mgodi wenyewe zinavutia zaidi. Mwamba wenye almasi una ukubwa wa hekta 146 hivi juu ya ardhi, lakini tani 100 za mwamba huo hutoa karati chache tu, kama 6 au zaidi kidogo. Karati moja ni gramu 0.2, kwa hiyo piga hesabu: tani 100 kwa gramu moja na ushee! Karibu kila kilichochimbwa Mwadui tangu enzi za Williamson kiligeuka kuwa mabaki.

Na mabaki hayo hayakukaa kimya. Wachimbaji wadogo wa upande wa Maganzo wameyachekecha kwa miaka mingi, maana mitambo ya zamani iliruka almasi. Halafu Novemba 2022 ukingo wa bwawa la tope la mgodi ulibomoka, tope likamwagika kwenye makazi na mashamba ya majirani. Thamani iliyosahauliwa na hatari iliyosahauliwa vilikuwa vimelala sehemu moja.

Sasa kompyuta. Ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, aina ya ICT 1500, na miaka michache baadaye ikafuatiwa na ICT 1900. Mambo hayakwenda vizuri. Hesabu za serikali zilivurugika, utaalamu ulitegemea wageni, fedha za kigeni zikateketea. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta (na televisheni pia), na Hazina ikarudi kwenye njia za zamani za kuandika hesabu. Watu husimulia kisa hiki kama kichekesho, eti nchi iliyoogopa kompyuta. Mimi naona kina jambo la maana: Hazina ilikuwa na pa kurudi. Tena kumbukumbu za zama zile zilikaa kwenye kadi za matundu na tepu za sumaku, vitu ambavyo mtu angeweza kuvihesabu kabatini na kujua kama vimebaki au vimeondoka.

Seva ya leo haikupi nafuu hiyo. Marufuku ilikuja kulegezwa, na mwaka 2000 Dar es Salaam ikapata kituo cha mafunzo kwa njia ya video, kwenye jengo la Chuo cha Usimamizi wa Fedha, kwa msaada wa Benki ya Dunia. Wakati huo mkutano wa video ulikuwa safari: unakwenda kwenye chumba chake, unakaa mbele ya kamera. Corona ilipoingia mwaka 2020, chumba kilihamia kwenye simu na kompyuta za watu, na nyuma yake taasisi nyingi duniani zikafunga makundi ya seva. Mashine hizo huchoka baada ya miaka mitano hivi. Sasa zamu yake ya kung'olewa imefika.

Kundi la seva halizimwi kwa mkupuo. Unaifungia seva moja isipokee mikutano mipya, unasubiri iliyomo iishe, ndipo unaizima na kwenda kwa ya pili. Rekodi zinazotakiwa zihamishwe kwanza. Vyeti na funguo za siri zifutwe, na jina la mfumo kwenye intaneti liondolewe, la sivyo mtu mwingine anaweza kulivaa. Ukichomoa waya wa ukutani, kumbuka betri za akiba bado zina umeme wa kutosha kukuunguza, na ndani yake mna risasi na asidi. Kwenye kabati anza kutoa seva za juu. Ukianza na za chini, uzito unabaki juu na kabati zima linaweza kukuangukia.

Diski ndiyo marudio yenyewe. Kubonyeza "futa" kunaondoa orodha, data inabaki palepale. Diski ya kuzunguka inaweza kuuawa kwa sumaku kali, lakini ile ya chipu haisikii sumaku kabisa; hiyo inahitaji amri yake maalumu ya ufutaji au kusagwa. Ndani mna sauti na sura za watu, na tangu mwaka 2022 Tanzania ina sheria ya kulinda taarifa binafsi.

Halafu kuna dhahabu. Tani moja ya bodi za kompyuta inaweza kuwa na zaidi ya gramu 100, wakati mawe ya migodi mikubwa ya ukanda huu hutoa gramu chache kwa tani. Katika eneo ambalo ujuzi wa zebaki na asidi uko kila kijiji, bodi zikitupwa hovyo zitapata wa kuzichenjua kwenye beseni nyuma ya nyumba. Kanuni za taka za kielektroniki za mwaka 2021 zinataka zipelekwe kwa wenye kibali.

Kwa hiyo unapokabidhi, dai hati yenye namba ya kila diski, kisha ilinganishe na orodha ya siku mashine ziliponunuliwa. Namba moja ikikosekana, usisaini.