NAMBA YA MTOTO WAKO (Sehemu ya 3): Namba zilizokisika

 

Niliahidi kuwaeleza kwa nini siku hizi namba kwenye mifumo ya kompyuta zimekuwa ndefu, herufi na tarakimu zimechanganywa bila mpangilio. Tuanzie wodini.

Kwenye rejista ya wazazi tunaandika kwa mfuatano: 412, 413, 414. Ukijua yako, umeshajua na ya mama wa kitanda cha pili. Kwa daftari linalofungiwa kabatini, wala haina neno. Shida inaanza namba ikigeuzwa ufunguo, na hapo naomba twende Marekani.

Mwaka 1936 walianza kutoa namba ya hifadhi ya jamii, tarakimu 9, kwa ajili ya pensheni. Tatu za mwanzo zilionyesha eneo, mbili za katikati kundi, nne za mwisho zilifuatana. Lengo lilikuwa kila mtu awe na yake, haikutungwa iwe siri. Lakini miaka ilivyokwenda, benki na ofisi zikaanza kuiuliza kama uthibitisho kwamba wewe ndiye wewe.

Zamani wengi waliichukua wakianza kazi. Kufikia 1989 utaratibu wa kuomba namba palepale mtoto anapoandikishwa kuzaliwa ukawa unaenea nchi nzima. Kwa mama aliyetoka kujifungua hiyo ni nafuu kubwa jamani, karatasi moja umemaliza! Ila angalia kilichotokea: watoto waliozaliwa jimbo moja, siku zinazokaribiana, wakapata namba zinazokaribiana. Aliyejua tarehe na mahali ulipozaliwa alikuwa ameshika nusu ya ufunguo.

Mwaka 2009 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Alessandro Acquisti na Ralph Gross, walilionyesha hilo wazi. Walichukua orodha ya namba za marehemu, ambayo serikali yenyewe iliitoa ili watu wasitumie namba za waliokufa (eti dawa ikawa ndiyo sumu), wakasoma mfuatano wake. Kwa marehemu waliozaliwa kati ya 1989 na 2003, walipatia tarakimu 5 za mwanzo kwa jaribio moja tu kwa asilimia 44. Namba nzima, kwa majaribio chini ya 1,000, asilimia 8.5. Majaribio elfu kwa kompyuta ni kupepesa jicho.

Na kichanga hakopi, kwa hiyo hakuna anayekagua. Mwizi anaweza kutumia namba yake miaka na miaka, mtoto anakuja kukuta madeni akiwa mtu mzima.

Tarehe 25 Juni 2011 wakaanza kutoa namba kwa kubahatisha, bila eneo wala mfuatano. Mifumo mingi ya kompyuta inafanya zaidi ya hapo: kumbukumbu inapewa namba ya herufi na tarakimu 32, na kuitunga ni kama kurusha shilingi mara 122 na kuandika kila inavyoanguka. Ukijua yangu, ya jirani hujui.

Ila ile ya Marekani haikurudi nyuma. Watoto waliozaliwa kabla ya 2011 wamebaki na namba zao zile zile, na sasa wengine wao ndio wanaojifungua.

Sehemu ya 4 nitaweka kesho nikitoka zamu ya usiku.