Kipindi cha Habari Ayivu

Katika ratiba ya madarasa matatu ya mwanzo nchini Uganda kuna kipindi kifupi kiitwacho Habari. Mtoto husimama mbele ya wenzake akasimulia ya nyumbani: mbuzi kazaa, mjomba karudi kutoka Kongo, mama anaumwa. Kipindi hicho kililetwa na mtaala wa 2007, ulioagiza watoto wa madarasa hayo wafundishwe kwa lugha ya kwao. Kule Ayivu, sehemu ya Arua, lugha hiyo ni Kilugbara. Ni kipindi kidogo, na shule za Arua zilikifikia baada ya karibu miaka tisini ya kufundisha.

Mwanaanthropolojia John Middleton, aliyeanza utafiti wake miongoni mwa Walugbara mwaka 1949, alikuta jamii ambayo mamlaka yake yalikuwa mikononi mwa wazee wa koo. Ulimi wa mzee uliogopwa. Aliyemkosea aliweza kushtakiwa kwa mizimu, akaugua. Mtu akiishia hapo ataona jamii ya vijana walionyamazishwa tu, na atakosea. Mgonjwa alipopona, ndugu walikutana kwenye kafara. Mzee alihutubia kirefu, akaeleza nasaba ya ukoo na ugomvi ulioleta maradhi, kisha nyama ikagawanywa na kuliwa pamoja. Kazi hiyo ya kuzungumza ugomvi na kupatana, ambayo leo walimu washauri huifanyia semina, ilikuwa na mahali pake, wasemaji wake na kitoweo chake.

Eneo la West Nile, ilimo Arua, lilitiwa ndani ya Uganda mwaka 1914. Miaka minne baadaye wamisionari wa Africa Inland Mission waliingia Arua, wakajikita Mvara. Wakatoliki wa Komboni nao wakajenga Ediofe. Shule zao zilileta kusoma na kuandika, na pia ukimya wa namna mpya: mwanafunzi hunena akiulizwa, na jibu liko kitabuni. Kiingereza kiliposhika hatamu, shule nyingi za Uganda zilimvisha kibao shingoni mtoto aliyeteleza akasema lugha ya mama yake. Atajifunzaje kueleza uchungu wake anayeadhibiwa kwa maneno anayoyajua?

Kisha vita. Rais Idi Amin, mtu wa Koboko, West Nile, kwa asili, alipopinduliwa mwaka 1979, kisasi kiliwaangukia wakazi wa West Nile, na umati ukavuka mipaka kwenda Sudan na Zaire. Tarehe 24 Juni 1981 askari wa serikali waliwaua raia waliokuwa wamekimbilia misheni ya Ombaci, ndani ya Ayivu, penye shule ya sekondari ya Mtakatifu Yosefu. Waliorejea kutoka uhamishoni walikuta hesabu na sarufi zikiwangoja. Kipindi cha kuyazungumza yaliyotokea hakikuwemo katika mtaala.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulikuja PIASCY, mpango wa serikali wa kuzungumza na vijana kuhusu UKIMWI. Walimu wakuu walihutubia mstarini, na viwanja vya shule vikajaa vibao vya maonyo, aghalabu kwa Kiingereza. Waganda huviita viwanja vinavyosema. Kichekesho hicho! Uwanja unasema, mtoto anasikiliza.

Fimbo nayo, iliyowanyamazisha watoto, ilikatazwa kwa waraka wa wizara ya elimu mwaka 2006, na kwa sheria mwaka 2016. Nafasi ya kusema imepatikana pia jirani, Koboko, ambako makazi ya Lobule yaliyofunguliwa mwaka 2013 yamewapokea wakimbizi wa Kongo, wengi wao Wakakwa wanaosema lugha moja na wenyeji. Hapo mtoto mgeni na mtoto mwenyeji wanaweza kusimuliana bila mkalimani, bahati ambayo makambi mengi hayana.

Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza 2020, unataja mawasiliano na ushirikiano kuwa stadi za kujengwa katika kila somo. Ni hatua njema, ila imeanzia juu. Kule chini Habari haimo katika mtihani wa darasa la saba, na kisichotahiniwa ndicho cha kwanza kumezwa na hesabu za ziada. Kuanzia darasa la nne Kiingereza hutwaa nafasi ya Kilugbara, mtoto akarudi kujibu kwa neno moja moja.

Shule zilipofunguliwa tena Januari 2022, baada ya karibu miaka miwili ya korona, watoto walirudi na mengi ya kusimulia. Mzazi wa Ayivu asiishie kuuliza matokeo ya mtihani. Amuulize mwalimu pia: leo ni nani aliyesimama kutoa habari, na wenzake walimuuliza nini?