Kanga, Manati na Baridi ya Kiomboi: Mchezo wa Vijana Ulioanzia Shambani

Wadau, mwezi wa saba Kiomboi si wa mzaha. Mji uko juu kwenye uwanda wa Iramba, upepo unapiga tangu alfajiri, na ukitoka nje bila koti utarudi mwenyewe kulifuata. Na ndio msimu huohuo ambao kwa miaka mingi vijana walikuwa wanajikusanya watatu wanne, wanashuka maporini kutafuta kanga na kwale. Tumezoea kuliona kama jambo la kujifurahisha tu. Lakini halikuanza hivyo.

Lilianza na mtama na uwele. Nafaka hizi zinaiva kichwa kikiwa wazi, hazina ganda la kujificha kama mahindi, kwa hiyo kila ndege anakula kwa uhuru wake. Mtoto wa Iramba alikuwa na kazi ya kuamia: anapanda kwenye dungu katikati ya shamba, ana kombeo mkononi na rundo la mawe, anapiga kelele kutwa nzima. Adui mkubwa ni kwelea kwelea. Mmoja ana uzito wa gramu 20 hivi, na kwa siku anaweza kumaliza gramu 10 za nafaka. Piga hesabu: wakija milioni moja, ni tani 10 kwa siku. Na makundi ya namna hiyo si hadithi za kijiweni, hasa ukishuka chini kwenye mbuga ya Wembere, kwenye miti ya miiba.

Sasa ndege aliyepigwa shambani hakutupwa, aliingia chunguni. Mtoto aliyejifunza shabaha kwenye dungu alikuwa mwindaji kabla hajajijua. Mavuno yakiisha, kazi ya kuamia inakwisha, lakini ndege hawajaondoka. Punje zimedondoka chini, nyasi zimekauka, maji yamebaki kwenye vidimbwi vichache. Kanga wanakuja kwa makundi, na jioni wanapanda kulala mitini. Vijana hawana kazi za kilimo, baridi inataka kitu cha moto tumboni. Hapo unaelewa kwa nini msimu ulikuwa huu na si mwingine.

Halafu kuna hili la manati. Ukimuuliza mtu atakwambia ni silaha ya jadi, tumeachiwa na mababu. Sikubali. Manati bila mpira haipo, na mpira wenyewe ni ule wa tyubu. Tairi la upepo la Dunlop ni la mwaka 1888, na baiskeli zilifika bara huku katika enzi za ukoloni. Kwa hiyo manati ni mtoto wa baiskeli iliyopasuka tyubu. Vya jadi hasa ni kombeo, tanzi, ulimbo unaonata kwenye tawi, na upinde. Majirani zetu Wahadzabe wa upande wa ziwa Eyasi mpaka leo wana mishale ya mti mtupu, isiyo na chuma, kwa ajili ya ndege na wanyama wadogo.

Bunduki ya marisau ilikuwa ya wakubwa. Enzi za mkoloni Mwafrika wa kawaida akipata kibali, basi ni cha gobori, na gobori kwa kwale ni kupoteza baruti. Baada ya uhuru mambo yakabana zaidi: mwaka 1973 serikali ilipiga marufuku uwindaji nchi nzima, ikafuata Sheria ya Wanyamapori ya 1974, na uwindaji haukufunguliwa tena mpaka 1978. Sheria inayotumika sasa ni ya 2009. Kwa kifupi, kanga aliyekuwa kitoweo cha babu, ukimpiga leo bila leseni una kesi. Najua wapo wanaolalamika. Lakini pori lililokuwepo enzi za babu nalo limegeuka shamba la alizeti.

Turudi jikoni, maana huko ndiko wengi mlikuwa mnanisubiri. Kundi lenye Waislamu na Wakristo lilikuwa na sheria moja: mwenye kisu akae mbele. Jiwe likimuua ndege kabla ya kuchinjwa, ni kibudu, na nusu ya marafiki wanalala njaa. Kwa hiyo mpiga manati anasifiwa, ila mwenye mbio ndiye anayeokoa chakula.

Ndege anatumbukizwa kwenye maji ya moto, ananyonyolewa, kisha anababuliwa motoni kuondoa vinyoya vidogo. Firigisi inapasuliwa na changarawe zinamwagwa, na hapo ndipo ugomvi unapoanza, maana firigisi ni moja na wanaume ni wanne. Kwale analainika mapema. Kanga mzee sasa, huyo ni mbishi, usimkaange akiwa mbichi utavunja jino. Mchemshe na chumvi mpaka nyama iachie mfupa, ndipo umrushe kwenye mafuta ya alizeti na kitunguu, au umuunge kwa karanga zilizotwangwa. Pembeni ugali wa mtama na mlenda. Supu ile ya kwanza inanyweka kwenye kikombe, mmezunguka moto, upepo unapiga mgongoni.

Kwelea kwelea hana leseni ya kumlinda, ila kwake kuna hatari nyingine. Anadhibitiwa kwa ndege za kunyunyizia sumu, nyingi zikiwa na fenthioni, inayoshambulia mishipa ya fahamu ya ndege na hata ya binadamu. Ndege waliopuliziwa hawafi wote palepale. Wengine huruka na kwenda kuangukia mbali, penye watoto wasio na habari. Ukimkuta amelala chini hajapigwa na mtu, muache hapo hapo. Wenzetu wa Kondoa wao huwatega wazima kwa nyavu na mitego ya vikapu, wanawakaanga na kuwauza, mifupa na yote inatafunwa.