Wimbo Mmoja wa Billie Holiday Katika Televisheni, 1957

Jumapili tarehe 8 Desemba, 1957, saa 11 jioni kwa saa za New York, shirika la CBS la Marekani lilitangaza katika televisheni kipindi cha saa moja kilichoitwa The Sound of Jazz. Kilikuwa kimoja katika mfululizo wa The Seven Lively Arts, nacho kilipelekwa kwa watazamaji moja kwa moja kutoka studio, papo kwa papo; aliyekosea alikosea mbele ya watu wote, wala hapakuwa na njia ya kurudia. Katika kipindi hicho Billie Holiday aliimba wimbo mmoja tu, Fine and Mellow, alioutunga mwenyewe na kuurekodi mara ya kwanza mwaka 1939. Juu ya wimbo huo mmoja wapenzi wa jazi wamejadiliana miaka mingi, na mjadala wao haujapoa.

Sisi wa Afrika Mashariki hatukuwa miongoni mwa watazamaji wa jioni ile; hata Kenya, iliyotutangulia, haikupata televisheni ila mwaka 1962. Tulichokipata ni filamu iliyobaki. Siku zile ilikuwa desturi kuielekeza kamera ya sinema kwenye kioo cha televisheni na kuipiga picha ile ile iliyokuwa ikitangazwa. Ndiyo maana picha tuionayo leo ina ukungu kidogo, na weupe na weusi wake haukolei sawasawa. Lakini ni ushahidi, na si kila mwimbaji wa zamani aliyeachiwa ushahidi wa namna hii.

Nimeitazama filamu hiyo mara nyingi, na mara moja katika kikundi cha watu watano, wote wapenzi wa muziki, chumbani kwa rafiki yetu mmoja. Wimbo ulipokwisha ukazuka ubishi. Mmoja alisema hajapata kusikia uimbaji uliomkata maini kama ule. Wa pili alisema, bila haya, kwamba sauti imekwisha; tunamhurumia mama wa watu kisha tunaiita huruma yetu sanaa. Wa tatu hakuijali sauti kabisa, bali alitaka turudie pale Lester Young anapopiga saksafoni na kamera inaonyesha uso wa Billie, kwa kuwa, alisema, pale ndipo mapenzi yao yanapoonekana. Niligundua baadaye kwamba hoja hizi tatu ndizo hizo hizo wanazozitoa wapenzi wengine katika maandishi yao, nchi kwa nchi. Nami nadhani zote tatu zinaruka jambo lililo mbele ya macho na masikio yetu.

Kwanza yafaa tujue mwimbaji huyu alifikaje mbele ya kamera ile. Mwaka 1947 Billie Holiday alihukumiwa kwa kosa la madawa ya kulevya, akafungwa katika gereza la Alderson, West Virginia. Alipofunguliwa mwaka 1948 aliimba Carnegie Hall mbele ya ukumbi uliojaa. Lakini katika mji huo huo wa New York hakuweza kuimba katika vilabu vinavyouza pombe, maana kila mwanamuziki wa vilabu alipaswa kuwa na kadi ya polisi, naye alinyimwa kadi hiyo. Sheria ile haikuondolewa mpaka mwaka 1967, naye alikuwa amekwisha kufa. Mwanamuziki wa jazi aliyefungiwa vilabu vya New York ni kama mvuvi aliyeruhusiwa kuvua popote isipokuwa baharini. Kumbi za maonyesho hazikuhitaji kadi, wala televisheni haikuihitaji. Basi mwaka 1957 sheria ilimruhusu kuimba mbele ya nchi nzima, lakini haikumruhusu kuimba katika kilabu kilicho mtaa wa pili kutoka studio.

Hata huko studio nusura azuiwe. Nat Hentoff, aliyeteua wanamuziki wa kipindi hicho pamoja na Whitney Balliett, ameeleza kwamba ulikuja ujumbe kutoka upande wa wadhamini kutaka mwanamke aliyepata kufungwa asionekane katika nyumba za watu Jumapili. Hentoff na wenziwe wakajibu kwamba akiondoka yeye, nao wataondoka. Akabaki. Napenda jambo hili likumbukwe kila tunapozungumza juu ya ule upole wa uimbaji wake, kwa sababu msikilizaji asiyelijua huenda akadhani upole ule ni wa mtu aliyestarehe.

Mtayarishaji Robert Herridge hakutaka mapambo. Studio iliachwa wazi: taa, nyaya na kamera zinaonekana, na wanamuziki wengine wamevaa kofia zao kama watu waliopita njiani wakaingia. Hentoff amesimulia kwamba Billie alikuwa amenunua gauni la thamani kwa ajili ya siku ile, akaudhika sana alipoambiwa kwamba halitakiwi. Kwa hiyo tunamwona katika mavazi ya kawaida, nywele zimefungwa nyuma, ameketi juu ya kiti kirefu, na wanaume wenye ala zao wamemzunguka. Na ni wanaume gani! Ben Webster, Coleman Hawkins na Lester Young kwa saksafoni. Gerry Mulligan, kijana kuliko wao, kwa saksafoni kubwa ya sauti nzito. Roy Eldridge na Doc Cheatham kwa tarumbeta. Vic Dickenson kwa tromboni. Mal Waldron kwa piano. Danny Barker kwa gita. Milt Hinton kwa besi na Osie Johnson kwa ngoma. Mtu angeweza kuandika nusu ya historia ya jazi kwa kuwafuata watu hawa tu mmoja mmoja.

Sasa wimbo wenyewe. Fine and Mellow ni bluzi ya vipimo 12. Ubeti wa bluzi una mistari mitatu. Aghalabu wa pili hurudia wa kwanza, na wa tatu hujibu. Kila mstari una vipimo 4, lakini maneno hujaza kama nusu tu ya nafasi hiyo. Nusu inayobaki ni ya ala, nazo hujibu. Aliyezoea mizani ya mashairi yetu ataelewa upesi: idadi imewekwa, haiongezwi wala haipunguzwi, na ustadi wa mtunzi huonekana katika namna anavyotembea ndani ya idadi hiyo.

Billie Holiday hutembea nyuma kidogo. Pigo linapita, naye hajasema neno. Neno linakuja baadaye, nawe unashangaa kwamba halikuchelewa. Besi ya Hinton inakwenda hatua sawasawa kama mtu apandaye ngazi, na mwimbaji anauacha ule usawa uende mbele yake bila kuufukuza. Mwisho wa mstari hauvuti kwa kuonyesha pumzi yake. Anaushusha, sauti ikateremka kidogo na kukatika. Hapazi sauti hata mahali pamoja. Ubeti ambao mwimbaji mwingine wa bluzi angeupigia kelele ili ukumbi usimame, yeye anausema karibu kama mtu azungumzaye na jirani. Hili si jambo la sauti iliyochoka. Katika rekodi zake za mwaka 1937 pamoja na Teddy Wilson na Lester Young, sauti ikiwa bado nyepesi na yenye kung'aa, tayari alikuwa akichelewa nyuma ya mapigo namna hiyo hiyo. Tangu ujana wake hakuwa na sauti yenye upana mkubwa, naye alijifunza mapema kutegemea wakati badala ya nguvu. Umri ulimnyang'anya ule mng'ao, wakati haukunyang'anyika.

Baada ya ubeti wa kwanza Webster anapiga mzunguko mmoja, kwa ile sauti yake pana yenye pumzi nyingi. Kisha anafuata Lester Young. Kwa masimulizi ya Hentoff, Young alikuwa dhaifu mno siku ile hata ikabidi aondolewe katika sehemu nyingine ya kipindi, na aliambiwa apige akiwa ameketi. Zamu yake ilipofika akasimama. Akapiga mzunguko mmoja wa vipimo 12, na nadhani hakuna mzunguko mwingine mfupi uliotajwa na wapenzi wa jazi mara nyingi kama huo. Noti zake ni chache, ndefu, na kati yake kuna nafasi. Hajaribu kumshinda Webster aliyemtangulia wala kumtisha Hawkins anayengoja zamu. Anafanya kwa saksafoni lile ambalo Billie amelifanya kwa maneno punde tu.

Na kamera inamgeukia Billie. Anamtazama Young, kichwa kinatikisika polepole kwa kukubali, na uso wake unabadilika pamoja na muziki. Hapa ndipo rafiki yangu wa tatu anapoona mapenzi. Hentoff mwenyewe amesema kwamba wawili hao walikuwa wametengana kwa muda na walikaribia kutosemezana siku ile, na kwamba wakati Young alipopiga, watu waliokuwa katika chumba cha waongozaji walitokwa na machozi. Sina sababu ya kuyakataa masimulizi hayo. Urafiki wao ulikuwa wa miaka mingi. Ni Young aliyempa Billie jina la Lady Day, na ni Billie aliyempa Young jina la Prez, yaani rais.

Lakini mwandishi wa historia hana budi kuuliza: tunajuaje kwamba uso ule unasema hivyo? Young alifariki tarehe 15 Machi, 1959, akiwa na miaka 49. Billie alifariki tarehe 17 Julai mwaka huo huo, akiwa na miaka 44, hospitalini, baada ya kutiwa nguvuni akiwa kitandani. Sisi tunaitazama filamu ya 1957 kwa macho yaliyokwisha kuiona 1959. Tunaona buriani, kwa kuwa tunajua kwamba ilikuwa buriani. Wao hawakujua. Mwanamuziki anapomsikiliza mwenzake akiipatia kauli, uso wake huwa vile vile: tazama filamu ya taarabu yoyote iliyopigwa vizuri, mwimbaji anapomgeukia mpiga udi aliyejibu sawasawa. Lile tunaloweza kulishuhudia bila kukisia ni kwamba Billie anasikiliza kwa makini kupita kawaida, na kwamba ubeti anaouimba mara baada ya Young umetulia kuliko ule wa mwanzo. Kwangu hilo latosha, na ni kubwa kuliko kisa cha mapenzi.

Yabaki shauri la rafiki wa pili, yule asemaye sauti imekwisha. Hoja yake si ya kupuuzwa. Nami nilianza upande wake, maana nilikuwa nimesikia kwanza santuri yenye jina lile lile la The Sound of Jazz, nikaiona sauti kavu. Baadaye nikafahamu kwamba santuri ile haikutokana na kipindi. Ilirekodiwa siku chache kabla, mapema Desemba, katika studio ya Columbia, na wimbo haukuimbwa sawa. Basi nilikuwa nikiihukumu jioni ambayo sikuisikia. Wengi bado wanazichanganya mbili hizi. Ray Ellis naye, aliyetengeneza muziki wa vinanda katika santuri ya Lady in Satin ya mwaka 1958, alikiri kwamba mwanzoni hakuridhika na uimbaji wa Billie, kwa kuwa alikuwa akisikiliza kimuziki tu. Alipoisikiliza rekodi iliyokamilika akabadili shauri. Ikiwa aliyesimama naye studio alikosea, nasi tunaweza kukosea. Na huku kwetu, Bi Kidude alipoimba Unguja katika uzee wake, sikumbuki mtu wa makamo akilalamika kwamba sauti imekwaruza. Watu walikwenda kuusikia huo mkwaruzo.

Hata hivyo rafiki yangu hakukubali. Alisema tumemtazama uso, hatukumsikiliza, akataka tuurudie wimbo bila picha. Tukafunika kioo kwa kitambaa. Bila uso ule wimbo ulikuwa mkavu zaidi, nilikiri hivyo, na pumzi yake ilisikika fupi. Ila mahali pale baada ya Young, ubeti ulipopaswa kuanza, Billie aliliacha pigo la kwanza lipite, na sote watano tukainua vichwa kungoja.