Mtepe hauna sitaha

Sisi wa Mbuba, huku Ngara, jahazi tunalijua zaidi kwa picha na kwa vile vijahazi vya mbao vinavyowekwa mezani kama pambo. Fundi wake humalizia kwa sitaha: vibao vyembamba, msasa, vanishi. Inang'aa kweli. Ila akipewa kazi ya mtepe, hapo ndipo pa kumshika mkono.

Mtepe wa Lamu ulishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, bila msumari hata mmoja, ukaenda kwa tanga la mkeka. Juu ulikuwa wazi, na kibanda cha makuti katikati. Mishono ilivuja, basi mabaharia walichota maji ngamani na kuyamwaga safari nzima. Ukiufunika kwa sitaha, umewafukia watu hao.

Mitepe ilitoweka katika karne ya 20. Ule wa ukubwa kamili ulioundwa upya Zanzibar mwaka 2003 uliwekwa Beit al-Ajaib, jengo ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Kwa hiyo kijahazi cha mezani si pambo tu, ni ushahidi. Fundi, weka msasa chini. Acha ngama ionekane.