Burkitt na Uvimbe wa Taya

Mwaka 1958 jarida la upasuaji la Uingereza lilichapisha makala ya Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala, kuhusu uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto wa Afrika. Alieleza wagonjwa 38. Waliojali walikuwa wachache.

Machi 1961 alitoa mhadhara London. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo Anthony Epstein, mtafiti wa virusi, na baadaye vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwake kwa ndege kutoka Kampala. Mwaka huohuo Burkitt, Ted Williams na Cliff Nelson walisafiri kwa gari kuukuu kilomita 16,000 hivi, wakiuliza hospitali baada ya hospitali ugonjwa unaonekana wapi. Ramani iliyopatikana ilionyesha kwamba saratani hiyo hufuata joto na mvua. Pengine hiyo ndiyo kazi bora ya Burkitt kuliko zote.

Mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kirusi walichokiona ndani ya seli za uvimbe huo, cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Wahudumu wa hospitali za vijijini waliojibu maswali ya safari ile wanastahili sehemu ya sifa ya kazi hii yote.